Kwenda Kuitika Jina la Shangazi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: bibi anamtaka Nyemo yupi?

Baba mdogo Mika alipiga simu kutoka Dodoma akasema bibi, mama yao yeye na baba, amedhoofika. Miguu imevimba, pumzi inakatika, na mganga wa zahanati ameagiza apelekwe hospitali mjini. Bibi amekataa kutoka nyumbani kwake. Akiulizwa sababu anasema neno moja tu: mleteni Nyemo.

Nyemo ni mimi. Lakini kabla yangu alikuwepo mwingine, dada yao baba na baba mdogo, mwanachuo wa ualimu, aliyepanda treni kurudi nyumbani likizo mwaka niliozaliwa. Treni ile mnayoijua wote, ile ambayo wazazi wetu wakiitaja wanashusha sauti hata sebuleni kwao. Ilikuwa inapanda mlima kuelekea Dodoma, ikarudi nyuma yenyewe, ikaongeza mwendo, ikaigonga treni ya mizigo. Shangazi hakuonekana kati ya waliopona wala kati ya maiti waliotambuliwa. Waliobaki bila majina walizikwa pamoja. Miezi michache baadaye nikazaliwa, na baba akanipa jina la dada yake.

Katika ukoo wa baba, jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenyewe kufa. Na bibi hakuwahi kukubali kwamba binti yake amekufa. Hakulia, hakunyoa nywele, hakuruhusu mtu kukaa matanga uani kwake. Aliposikia jina nililopewa, alituma jibu kwamba mtoto huyo asiletwe. Baba hakurudi tena kwao. Kwa hiyo nilikuwa naitwa na mtu aliyenikataa kabla sijaota meno.

Mmeniuliza wote kwenye grupu letu la chuo nini kilitokea huko, na kila nikianza kujibu kwa ujumbe mfupi naharibu. Basi ni hivi.

Morogoro, benchi la stesheni

Najua mtasema kwa nini sikupanda treni ya umeme, ambayo ingenifikisha Dodoma kabla sijamaliza kutafuna karanga. Nilitaka reli ya zamani. Nilitaka kupita polepole pale alipopita yeye, nione kama nitahisi kitu. Sasa hivi nikiandika naona ni wazo la mtu mwenye muda mwingi, na kweli ninao. Tangu tumalize chuo kazi yangu ni kutuma maombi na kuwaza.

Treni iliyotakiwa kupita usiku ilikuwa haijafika asubuhi. Mvua zilikuwa zimekula tuta huko mbele, mafundi wanajaza mawe. Baba alinisindikiza, akakaa nami benchini kama mgeni aliyekuja kutembelea stesheni. Alininunulia mihogo ya kukaanga, kisha akaila yeye.

"Baba," nikasema, "nikifika nimwambie nini?"

"Msalimie."

"Basi?"

"Msalimie tu. Na usimchoshe kwa maswali yako."

Nilitaka kumuuliza la siku zote: kwamba alipokwenda kumtafuta dada yake kati ya maiti waliolazwa kwa mistari, aliona nini. Nikiwa darasa la sita niliwahi kumuuliza, akatoka kwenda kumwagilia mchicha, na mvua ilikuwa inanyesha. Sikuuliza tena. Mwenzenu nimekua najua kwamba nchi nzima ililia siku ile, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na ndani ya nyumba yetu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunieleza. Msiba wa taifa niliusoma kama ninyi mlivyousoma. Tofauti ni kwamba kila mwalimu akiita mahudhurio, mimi naitika jina la mmoja wao.

Treni ilipofika, baba alinipandishia begi, akashuka haraka sana. Hakusubiri iondoke.

Mlimani

Nilikaa mkabala na mama mmoja mnene mwenye kapu la vitunguu na sauti ya kuamrisha. Alijitambulisha: Mama Sechelela, anarudi Bahi. Kabla ya Kilosa tayari alikuwa amenilisha mayai na kunikosoa nywele.

"Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Baba ni Mgogo. Mimi nimekulia Morogoro."

"Unasema Mgogo kama unasema jina la dawa. Unaitwa nani?"

"Nyemo."

"Haya, hilo ni la kwetu. Umepewa la nani?"

"La shangazi. Alikufa kwenye treni. Ile."

Akaacha kumenya yai. Abiria wawili wa jirani wakageuka.

"Matanga yake yalianuliwa?"

"Hayakukaliwa. Bibi alikataa."

Mama Sechelela alinitazama muda mrefu, kama mtu anayekagua kama noti ni halali. "Basi hilo jina hukupewa, mwanangu. Umeazimwa." Kisha akanisogezea chumvi, kana kwamba hajasema lolote la ajabu. Mnanijua. Neno lile lilinitosha hadi Gulwe, nikiligeuza huku na huku. Kitu cha kuazima huwa kina siku ya kurudishwa. Nikirudisha jina, nitabaki nani? Kwenye vyeti vyangu vyote kutakuwa na nafasi tupu?

Mchana tuliingia kwenye nchi ile ya mawe na miiba ambako reli inaanza kupanda. Hakuna aliyetangaza chochote. Lakini niliona watu wazima wanaacha mazungumzo katikati, mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa chumba hadi chumba. Vijana waliendelea kucheza muziki kwenye simu. Halafu treni ikasimama kwenye kistesheni kimoja kisicho na mtu, na baada ya muda ikaanza kwenda tena.

Ilikuwa inarudi nyuma.

Sasa najua ilikuwa inaingia njia ya pembeni ipishe treni ya mizigo, jambo la kawaida kabisa. Wakati ule niliona miti inakwenda upande usiofaa. Mzee aliyekuwa amelala aliamka bila kuitwa, akasimama, akashika chuma cha rafu ya mizigo. Wengine nao wakasimama. Hakuna aliyepiga kelele. Behewa zima la watu wa makamo lilikuwa limesimama wima, kimya, kila mmoja ameshika kitu, macho yameangalia mbele, na vijana tumekaa tunawatazama kutoka chini. Muziki ulizimwa. Mama Sechelela alikuwa ameukamata mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

"Hesabu miti," akaninong'oneza. "Ukiweza kuihesabu, inakwenda polepole."

Nikahesabu. Iliwezekana. Treni ikasimama taratibu, na baada ya muda ile ya mizigo ikapita dirishani, behewa baada ya behewa, ndefu sana, karibu kiasi kwamba upepo wake ulitikisa mapazia.

Ilipoisha watu wakakaa. Mzee wa rafu akasema, "Haya, nani alikuwa anakula vitunguu humu, macho yananiwasha," na behewa likacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri kwamba hakuna darasa lililowafundisha kusimama. Miili yao ilikuwa inakumbuka, na wangu, wenye jina la mmoja aliyekufa, ulibaki umekaa.

Kikuyu, kwa baba mdogo

Baba mdogo Mika anaendesha gari la ofisi moja ya serikali na anaishi Kikuyu, mtaa wa hapo hapo Dodoma. Alifungua geti, akaniangalia, na kabla sijatoa salamu akasema, "Shikamoo, dada."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Ndivyo tunavyofanya," akasema. "Umebeba jina la mkubwa wangu, wewe ni mkubwa wangu. Itikia."

"Marahaba," nikasema, nikiwa nimefumba macho kwa aibu. Watoto wake waliniita shangazi. Mkewe, Mama Neema, alinipikia wali kwa kuku na kunitilia firigisi, ambayo kwenye nyumba ile hula mkubwa. Nilikula firigisi ya mtu mwingine mbele ya watu wanaonitazama nikitafuna.

Baada ya kula Mama Neema alileta gauni. Lilikuwa jipya, la maua madogo ya bluu, kola nyeupe.

"Nimelishonesha kama lile la kwenye picha," akasema. "Jaribu."

"Picha gani?"

Baba mdogo akanionyesha kwenye simu yake picha ya picha: msichana amesimama mbele ya turubai la studio lenye maporomoko ya maji, mkono kiunoni. Kidevu changu. Mabega yangu, hata lile la kushoto linaloshuka. Gauni la maua, kola nyeupe. Ni kitu kibaya kujiona umesimama mahali ambapo hujawahi kufika.

"Macho ya mama hayaoni vizuri," baba mdogo akaeleza, sasa kwa sauti ya chini. "Anaona umbo. Atakuita. Ukiitika tu, imekwisha."

"Niitike kama nani?"

"Wewe jina lako si Nyemo? Akisema Nyemo, unasema abee. Umedanganya wapi hapo?"

"Atadhani ni shangazi."

"Adhani! Nyemo, sikiliza. Hataki kwenda hospitali kwa sababu anasema mtu wake atafika akute mlango umefungwa. Ni mwaka wa ngapi huu? Sijawahi kumwona mama yangu analala nje ya nyumba ile. Hata harusi yangu hakuja. Mganga amesema akiendelea hivi hatafika kiangazi. Neno moja tu. Abee. Anapanda gari, anatibiwa."

"Na akipona? Nitaendelea kuwa shangazi kila Krismasi?"

"Hilo tutalifikiria akiwa hai," Mama Neema akasema.

Nililivaa gauni. Lilinikaa vizuri mno. Kwenye kioo cha korido nilipita haraka.

Zuzu, na mbele yake

Asubuhi tulitoka na gari la kuazima, tukapita Zuzu tukifuata reli, kisha barabara ya mchanga. Mvua ya milimani ilikuwa imejaza korongo moja, maji mekundu yanakwenda kwa kasi, ikabidi tusubiri yapungue. Ng'ambo walikuwepo wanawake. Habari zilikuwa zimetangulia. Walisimama kwenye ukingo, mstari mmoja, khanga zimefungwa kifuani, wananitazama. Hawakupunga mikono. Baba mdogo aliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" wakaitikia bila kuniondolea macho. Mbuzi walikunywa katikati yetu. Nilianza kuwaza kwamba wanaonekana kama watu waliokuja kumpokea msafiri kwenye stesheni, na nikatamani maji yasipungue.

Yalipungua. Tulivuka kwa miguu tukiacha gari. Mwanamke mmoja mrefu akanijia, akanishika kidevu, akanigeuza uso kushoto na kulia.

"Umechelewa," akasema.

Kisha akapasuka kucheka, akinipiga begani. "Na hujazeeka! Sisi wenzako tuna wajukuu, wewe bado una kiuno. Ulikuwa unakula nini huko?"

"Mama Lukasi, acha," baba mdogo akasema.

"Niache nini? Huyu ni rafiki yangu. Tulitobolewa masikio siku moja." Alikuwa bado anacheka lakini machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Tulipokuwa tunatembea alinieleza kwa pumzi fupi. Wiki ile ya ajali, waliposikia redioni, wanawake wa kijiji walikwenda kwa bibi wakilia, kama inavyopasa. Bibi aliwasimamisha mlangoni. Aliwauliza swali moja: nani amewatuma? Hakuna aliyejua cha kujibu. Wakarudi kwao. "Tukasema huzuni imemgeuza kichwa," Mama Lukasi akasema. "Tangu siku hiyo hatumtaji Nyemo mbele yake. Mtoto wa kike akizaliwa hapa, tunaruka jina hilo."

Ndani ya tembe

Nyumba ya bibi ni tembe, paa la udongo, chini kiasi kwamba hata mimi niliinama. Ndani kulinukia moshi na maziwa mgando. Mezani palikuwa na kata ya maji imefunikwa kwa kisahani safi. Nikadhani najua ni ya nani: ya shangazi. Nje nilisikia watu wanajipanga ukutani, kimya.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwogopa. Aligeuza uso kwenye mwanga wa mlango ambamo nilikuwa nimesimama na gauni langu la maua.

"Nyemo," akasema.

Baba mdogo alinigusa mgongoni kwa kidole.

Kinywa changu kilikuwa tayari kimefunguka. Neno lilikuwa pale, jepesi, na ni kweli ni jina langu, na gari lilikuwa ng'ambo ya korongo, na hospitali ilikuwa mjini. Lakini niliona kwamba nikilisema, mtu wa pekee katika chumba kile ambaye hatakuwepo ni mimi. Na bibi ataingia garini ameshika mkono wa mtu asiyekuwepo.

"Nyemo, nakuita."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Nilisikia baba mdogo anavuta pumzi. Binti yake angesema mama.

Bibi hakushtuka. Alikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Wewe ni wa mwanangu Yohana."

"Ndiyo, bibi. Ni mtoto wake."

"Ndiye niliyesema aletwe. Nilidhani wataniletea mtu wa kujifanya mwanangu." Akageuka upande alikokuwa baba mdogo. "Na gauni wamekuvika. Mika, hivi wewe utakua lini?"

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono kichwani.

"Baba yako alikupa jina lake," bibi akaendelea. "Kwa hiyo alijua. Huwezi kutoa jina kama hujui. Alijua, akampa habari mtoto mchanga, mimi hakunipa."

"Bibi, redio ilitangaza..."

"Redio ilisema watu. Haikusema mwanangu." Sauti yake haikupanda. "Mtu akifa mbali, nyumba yake humtuma mtu. Anakuja, anakaa chini, anasema amekufa fulani, nimetumwa na fulani. Hapo mama analia. Wale walikuja na kilio cha redio. Nikawauliza nani kawatuma. Nikasubiri Yohana atume. Nilikuwa nimekaa hapa nasubiri. Mnadhani nasubiri treni?"

Nilielewa kwamba hakuna aliyekuwa mwendawazimu katika nyumba ile. Kila mtu alikuwa amemsubiri mwenzake. Baba alisubiri mwili. Kijiji kilisubiri bibi akubali. Bibi alisubiri mjumbe, na ile kata ya maji ilikuwa yake.

"Naweza kukuambia mimi," nikasema.

"Nani amekutuma?"

Sikuwa na mtu. Baba alikuwa ameniambia nisalimie.

Nikaomba ruhusa, nikatoka. Watu walinipisha. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, nikapanda na lile gauni, nikampigia baba.

"Umefika? Hajambo?"

"Baba, nitume."

"Nikutume wapi?"

"Kwa mama yako. Nitume nimwambie. Hatamlilia mtu bila mjumbe wako. Amekuwa anamsubiri huyo miaka yote."

Nilisikia upepo kwenye simu, upepo wa huku au wa kule, sijui. Nilisikia baba anakaa chini. Nilidhani amekata, nikaangalia kioo, bado dakika zilikuwa zinakwenda.

"Niliona kiatu," akasema hatimaye. "Kimoja. Nikajiambia viatu vinafanana. Ningemwendea mama na kiatu?"

"Sasa nitume, baba."

Alilia kama mtu anayekohoa. Kisha akanyoosha sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Nyemo, nakutuma. Mwambie mama, Yohana amekutuma. Mwambie nakuja kesho."

Niliporudi ndani sikusimama mlangoni. Nilipita hadi katikati, nikakaa chini sakafuni, miguu nimeikunja, uso wangu chini ya uso wake. Mtu anaweza kuliandika jina lake maisha yake yote na asijue siku moja atalitamka hivi.

"Bibi," nikasema, "nimetumwa na Yohana, mwanao. Nyemo amekufa. Alikufa kwenye treni, akirudi kwako."

Bibi alivua khanga kichwani, akaiweka chini. Nywele zake zilikuwa nyeupe na ndefu, hazijawahi kuguswa na wembe. Akafungua kinywa akalia, na nje, ukuta mzima wa wanawake ukakipokea kilio.